Mguu wa Kushoto wa Tobia

Mama Efrazia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema aliona kwa macho yake. Anasema alikuwa amekaa juu ya magunia matupu kwenye lori linalopanda kutoka Mombo, na walipofika Soni, pale maporomoko yanapomwaga maji kando ya barabara, Tobia alikuwa mbele yao anakanyaga baiskeli vizuri kabisa, mgongo ameuinamisha, viatu vyake alivyoachiwa na Mgiriki vinang'aa. Mara ukatoka mvuke majini, mweupe, mrefu kama mtu aliyejifunga shuka. Ukavuka barabara, ukamshika Tobia goti la kushoto, ukalipinda. Tobia akalia, "Yesu wangu!" akaenda mtaroni yeye na baiskeli, mguu bado umenasa kwenye pedeli.

"Mama Efrazia, huo haukuwa ukungu tu?" nilimwuliza, maana zinapokaribia baridi za mwezi wa sita Soni yote ni ukungu.

"Ukungu una vidole?" akanijibu. "Mimi nimeona vidole, Mwanamisi. Na kimoja kina pete."

Sokoni hawakuutaka mvuke wa Mama Efrazia. Wao walikuwa na maneno mafupi: Fundi Selemani haoni tena. Kampigilia kijana wa watu vyuma vibaya viatuni, kamharibu goti, na mashindano ya baiskeli ya sherehe za Malkia ndiyo hayo yamefika.

Fundi Selemani ni baba yangu.

Kuhusu macho, sokoni walikuwa wamepatia. Utando ulikuwa umelifunika jicho moja lote na ulianza kulila la pili, mweupe, kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyopoa. Bado alikuwa akikaa kibarazani kwa Mzee Mbaraka, mwenye duka la nguo pale Lushoto mjini, mahali alipokaa tangu arudi vitani. Lakini viatu alikuwa anavipokea tu. Jioni anavileta nyumbani ndani ya kikapu. Mimi nashona, mimi nabadili soli, mimi naweka visigino, na asubuhi yeye anavirudisha. Watu wanasifu, yeye anaitikia. Sikuona vibaya asifiwe. Nilichotaka ni kibaraza kisitutoke mikononi, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba siku moja nitakaa pale mwenyewe, mchana kweupe, na msharasi wangu wa kutobolea ngozi mkononi.

Jioni ya siku aliyoanguka Tobia, Mzee Mbaraka alikuja nyumbani. Hakukubali kukaa.

"Selemani, nimesikia habari za goti."

"Goti la kijana ni changa, litapona."

"Sikiliza. Kuna fundi wa Korogwe ananiomba ile nafasi, tena si leo wala jana. Mimi sina neno nawe. Lakini watu wakipita dukani kwangu wanatazama kibaraza, wanacheka, wanakwenda kununua kwingine. Tufanye hivi. Siku ya mashindano Tobia akifika huku juu na viatu vyako, hata akiwa wa mwisho, sitamsikiliza mtu. Asipofika, yule wa Korogwe namwambia alete meza yake."

"Atafika," alisema baba.

"Kwa goti lipi?" akauliza Mzee Mbaraka, akajifunga shali yake, akaondoka.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya baiskeli, kutoka Mombo hadi Lushoto, kupanda tupu, na yaliwekwa kwa ajili ya sherehe za kutawazwa Malkia wa Uingereza. Tobia ni mtu wa Lukozi, anayeleta mboga mjini kwa baiskeli, na miguu yake ilijulikana. Viatu alipewa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akimpelekea figili na karoti. Yule Mgiriki ujanani alikuwa mshindani huko kwao, na alipofunga safari ya kurudi alimwachia viatu pamoja na pedeli zake, pedeli za chuma zenye meno na mikanda. Chini ya soli ya kila kiatu palikuwa na kipande cha chuma chenye mfereji. Mfereji ule unakaa juu ya ukingo wa pedeli, unaushika, ili mguu usiteleze mtu anapoukanyaga mlima. Tobia aliviita njumu, kama za viatu vya mpira, nasi tukafuata.

Njumu za Mgiriki zilikuwa zimelika. Mifereji ilibaki kama alama ya ukucha, na Tobia akisimama juu ya pedeli mguu unachomoka. Hapa Lushoto hakuna duka linalouza kitu kama hicho. Ndipo nilipokumbuka bawaba za shaba za mlango wa nyumba moja ya Wajerumani iliyobomoka, alizonunua baba zamani akaziweka tu. Kila bawaba ina mabamba mawili sawasawa, na matundu ya misumari yapo tayari. Nilikata kwa msumeno, nikachonga mifereji kwa tupa mpaka viganja vikaota malengelenge. Kazi ya kuzipigilia aliichukua baba mwenyewe. Alisema kuchonga ni mikono, lakini kupigilia ndilo jicho la kazi. Sikubishana naye.

Basi siku ya pili baada ya kuanguka Tobia alikuja kwetu, anachechemea, pekupeku, viatu kavining'iniza shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Goti linasemaje?"

"Linasema uzing'oe hizi njumu, mzee."

Baba alinyoosha mkono. "Mwanamisi, lete uzi."

Aliutandaza uzi chini ya soli, kutoka ncha ya kiatu hadi katikati ya kisigino, akaubana kwa vidole gumba. "Unapita wapi?"

"Katikati ya mfereji," nilisema.

"Na cha pili?"

"Katikati, tate," nilisema, kama tunavyomwita baba kwa Kisambaa. "Vyote vimenyooka."

"Umesikia, kijana? Mimi nimepigilia mabuti ya kikosi kizima cha Keya, jeshi la Mwingereza, mpaka vitani Bama huko. Kiatu cha askari kinatazama mbele. Goti lako litazoea."

"Mzee, goti langu halijaandikishwa Keya."

Nilijizuia kucheka. Baba hakucheka.

"Nikikanyaga," Tobia aliendelea, "mguu wa kulia umetulia. Wa kushoto umebanwa, kisigino kinataka kwenda ndani, njumu haikitaki. Hapa kwenye goti panawaka kama nimepakwa pilipili. Na ule mvuke anaousema Mama Efrazia sikuuona. Kama ninyi ndio mlionitumia kwa uchawi, basi mnipe na dawa yake."

"Njumu zimenyooka," alisema baba.

"Basi nitapanda pekupeku."

"Kwenye pedeli zenye meno?" nilimwuliza. "Utafika Lushoto nyayo umeziacha Soni."

"Afadhali nyayo, dada Mwanamisi. Goti ninalo moja la kila upande." Akaviacha viatu mkekani, akaaga, akaenda zake.

Nilibaki mlangoni namwangalia. Manyunyu yalikuwa yamepita, na uwanja wetu ni udongo mwekundu unaoshika kila kitu. Tobia aliteremka mpaka njiani, na nyuma yake zikabaki nyayo. Za kulia zilitazama njiani. Za kushoto zilitazama shamba la Mama Efrazia.

Nilizifuata moja moja mpaka penye majani. Zote vile vile. Nikarudi, nikamwambia baba.

"Anachechemea," alisema. "Mtu akichechemea mguu unakwenda upande. Kesho kutwa ukipona unarudi."

Hilo lilikuwa neno la haki. Nikakaa nikafikiri. Halafu nikaenda kwenye kikapu cha viatu vinavyosubiri, nikafukua mpaka chini kabisa, nikatoa katambuga za Tobia. Alizileta tuzibadili mikanda kabla hajapewa hata hivyo viatu vya Mgiriki, na hakuja kuzichukua. Katambuga ni mpira wa gari. Haulainiki upesi, na ukilika haudanganyi. Nilimwekea baba ya kulia magotini. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Imelika nyuma na mbele. Sawa."

Nikampa ya kushoto. Kidole kilianza kisigino, upande wa nje, kikakata mshazari kwa chini mpaka upande wa kidole kikubwa. Akarudia. Akarudia tena polepole zaidi, macho kayafumba.

"Hii ni ya lini?"

"Ya kabla ya masika, tate. Goti lilikuwa zima."

Akaiweka chini. "Askari wa kutembea hivi," alisema, "alikuwa anafungiwa ubao mguuni mpaka anyooke."

"Tobia hatumpeleki vitani. Tunampeleka Lushoto tu, kutokea Mombo."

Baba alikigeuza kile kiatu cha kushoto, akapapasa soli kuzunguka njumu. Palikuwa na matundu ya misumari ya Mgiriki, matundu ya misumari yetu, na moja ambalo nyundo ilikosea. "Soli hii imekuwa chujio," alisema. "Ukizing'oa, itakubali misumari mara moja tu. Ukikosea, hakuna pa kupigilia tena, na hakuna kibaraza."

"Nimesikia."

"Fanya basi. Lakini sokoni usiseme."

Usiku ule nililala tu. Asubuhi, mwanga ulipotosha, nikashika koleo. Nilizing'oa njumu zote mbili taratibu, nikitikisa kila msumari kama jino la mtoto. Nikakata ngozi nyembamba ya ng'ombe, nikaipaka gundi, nikaifunika soli yote ya mbele, nikashona ukingo kwa uzi wa nta. Sasa matundu yalikuwa yamefichwa, na juu yake palikuwa safi, hapana alama hata moja. Ndivyo nilivyotaka. Nilikuwa nimewaza kwamba baba alikosea kwa kuuliza uzi, na mimi nitakosea vile vile nikiuliza macho yangu. Wa kuulizwa ni pedeli.

Goti lilipopoa nilimwita Tobia. Alikuja na baiskeli na wasiwasi wake.

"Njumu ziko wapi?"

"Hakuna. Vaa."

"Nitateleza."

"Panda taratibu. Fuata barabara ya Magamba mpaka msituni, kisha urudi. Usiuelekeze mguu. Uache ujiendee unakotaka, kama unakwenda kuchota maji."

Nilipaka masizi ya chungu, yaliyochanganywa na mafuta, kwenye kingo za pedeli. Tobia alitazama vidole vyangu vyeusi. "Sasa naona kweli mnaniroga," akasema. "Mama Efrazia atapata la kusimulia mpaka Krismasi." Akaenda.

Aliporudi nilivivua viatu mwenyewe kabla hajakanyaga chini. Cha kulia kilikuwa na mstari mmoja mweusi, umekata soli sawa kabisa, nyuma kidogo ya kidole kikubwa. Cha kushoto kilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza umeinama sana, wa pili umeinama kidogo, inakutana kama mkasi uliofunguliwa.

Nilivitazama mpaka shingo ikauma.

"Chagua wa katikati," alisema Tobia.

"Katikati hakuna mstari. Katikati hapajaguswa na pedeli."

"Basi pigilia popote, dada. Siku zimekwisha."

Ningeweza kuinamisha njumu kidogo tu, watu wote wangesema afadhali, na goti lingewaka tena Soni. Nikamwuliza, "Ulipokuwa unateremka kutoka Magamba, ulikaaje?"

"Nilikaa tu. Pedeli zimesimama, miguu nimeibana kwenye baiskeli, upepo unanipiga meno."

"Na kupanda?"

"Kupanda nilisimama."

Nilichukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, nikafuta mistari yote, nikapaka masizi upya. "Rudi Magamba. Kupanda uwe juu ya baiskeli. Ukifika, vua viatu, viweke shingoni, uteremke kwa miguu."

"Niteremke kwa miguu na baiskeli ninayo?"

"Ndiyo."

"Watu wa Magamba watanionaje?"

"Watasema una goti bovu. Si wanajua?"

Alinung'unika, alinitaja kwa jina la bibi fulani mkali wa kwao Lukozi, lakini alikwenda. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikanoa tupa, ingawa tupa hainolewi. Aliporudi anaisukuma baiskeli, jasho limemkauka kwa baridi, nilivipokea viatu kama mtu anayepokea mayai. Cha kushoto kilikuwa na mstari mmoja tu. Ulikuwa ule ulioinama sana; ule mwingine ulikuwa wa kuteremka.

"Mguu huu uliupata wapi?" nilimwuliza.

Akatazama kando. "Nilianguka kwenye mti wa matunda damu, yale mekundu, pale misheni. Nilikuwa mdogo."

"Ulikuwa unafanya nini juu ya mti wa misheni?"

"Nilikuwa nasali," alisema Tobia.

Nilikwaruza mstari kwa ncha ya msharasi ili usifutike. Nikaiweka njumu, mfereji juu ya mstari, nikaangalia kwa mbele, nikaangalia kwa nyuma, nikamshikisha baba. Vidole vyake vilikwenda kwenye njumu, vikaenda kwenye ncha ya kiatu, vikasita pale vilipoona havikulingana. Nilijua anavyoumia. Njumu ilikuwa imekaa upande kabisa, kitu ambacho angempigia mwanafunzi wake ngumi.

"Ndivyo ilivyosema pedeli?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Tafuta msumari mfupi. Mrefu utatokea ndani umchome."

Msumari wa kwanza ulishika. Wa pili ulizama kwenye tundu la zamani, nikauhisi unaelea, nikautoa, nikakata kijiti cha mwanzi, nikakichovya gundi, nikajaza tundu, nikapigilia tena. Ukashika. Wa tatu na wa nne ilishika yenyewe. Nikakunja ncha kwa ndani, nikaweka ngozi laini juu. Kiatu cha kulia kilikuwa rahisi.

Siku ya mashindano mji ulifunikwa na ukungu mpaka bendera zilizofungwa barabarani zikawa kama nguo za kufuliwa. Watu walijaa pale barabara inapoingia mjini. Mama Efrazia alikuwa mbele, na shuka mbili. Mzee Mbaraka alitoa kiti cha dukani akakaa, na pembeni yake alisimama mtu mmoja mrefu mwenye mfuko wa ngozi begani. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye fundi wa Korogwe. Baba alisimama karibu nami, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Wa kwanza alikuwa askari polisi kutoka Tanga. Tukampigia makofi, kwa kuwa kaja kutoka mbali. Kisha hakuja mtu. Ukungu ulipita, ukaja mwingine. Nyuma yangu mtu alisema, "Yule wa Lukozi kabaki Soni, mvuke umemla nyama." Wakacheka.

"Kuna mnyororo unakuja," alisema baba. "Unahitaji mafuta."

Alisikia yeye kwanza, kisha sisi. Tobia alitokea kwenye ukungu amesimama juu ya pedeli, mdomo wazi, tope mpaka kwenye nyusi, goti la kushoto linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na kisigino kimegeuka ndani kama kawaida yake. Alivuka mstari akiwa wa pili. Hakuanguka, alishuka. Akalegeza mikanda, akachomoa miguu, akasimama kwa miguu yote miwili, na kitu cha kwanza alichofanya ni kurukaruka kwa mguu wa goti lile mbele ya watu.

"Hongea, hongea!" Mama Efrazia akampongeza kwa Kisambaa, akapiga vigelegele, akamfunika shuka moja.

Fundi wa Korogwe alikwenda kwa Tobia, akainama, akaomba kiatu cha kushoto. Alikigeuza, akakitazama muda mrefu. "Aliyepigilia hii," alisema, "hakutazama kiatu. Alimtazama mtu."

Tobia alinitupia jicho. Nikatikisa kichwa: nyamaza. Akanyamaza.

Mzee Mbaraka alisimama, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. "Selemani, mimi ni mtu wa neno langu. Kibaraza ni chako. Nani alisema huoni?" Akamwongoza mpaka kwenye ngazi za duka, watu wanafuata, akamkalisha kwenye kigoda chake. Halafu kwa furaha yake akavua kiatu, kimeachama mbele kama chura, akamwekea mapajani. "Nishonee hiki, hapa hapa. Na wewe fundi wa Korogwe simama uone. Leo wote waone."

Watu wakasogea, wakaziba njia. Baba alikipapasa kiatu, akapata palipoachama. Akavuta uzi kutoka kwenye kibunda, akaupaka nta, akachukua sindano. Mikono ilikuwa imetulia, ndiyo sababu hakuna aliyejua kwamba haoni tundu la sindano. Mimi nilijua. Nilipanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasimama mbele yake, kivuli changu kikamwangukia magotini. Kila mtu Lushoto aliyekuwa na miguu alikuwa pale.

"Tate," nilisema, na sikunong'ona, "nipishe nikae mimi."

Mzee Mbaraka alinitazama, akamtazama baba, mguu wake mmoja wa soksi umesimama juu ya sakafu ya baridi. Baba hakuinua uso. Uzi ulikuwa umefika penye sindano. Ukaligusa tundu, ukalikosa, ukarudi, watu wote wakitazama.